Fundi asiyepima asikuuzie kitu

Jamani wadau, juzi gari langu kuukuu liligoma tena kuwaka, safari hii Buigiri, barabara ya Dodoma–Morogoro. Leo linagoma, kesho linawaka lenyewe! Mjini nilishauziwa betri na stata mpya. Hela imekwisha, ugonjwa upo palepale.

Fundi wa Buigiri hakuniuzia kitu. Alisubiri ligome, akaweka multimita kati ya ncha hasi ya betri na injini, akasema, "Piga stata, kaka." Ikasoma zaidi ya volti 1, wakati haitakiwi kuzidi 0.5. Kumbe waya wa ethi umeliwa na kutu! Akausugua kwa msasa, akaukaza. Likawaka.

Mimi nasema hivi: kubadilisha vifaa bila kupima ni kamari, na anayeliwa ni wewe. Hitilafu ya kuja na kuondoka hupimwa ikiwepo. Au nakosea?