Midomo Ile Haihitaji Mahubiri

Nimechoka na hadithi hii, na nyie mnaijua. Binti wa kijijini anakwenda Dar, anachomwa sindano ya kujaza midomo, midomo inavimba, inaoza, anarudi kwao kajifunika uso. Mama analia, mwandishi anafunga: tamaa mbele, mauti nyuma. Nasi tunakomenti, "Fundisho zuri!"

Fundisho gani?

Mimi niko Kiomboi. Msimu wa alizeti uliopita, dada mmoja jirani yetu alirudi toka mjini kaziba mdomo kwa kanga. Siku nne yuko ndani, kamwambia mama yake ni jino. Tulipompeleka hospitali, kipande cha mdomo wa juu kilishakuwa cheusi na kwa ndani kuna vidonda. Hata uji anaunywa kwa mrija. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Kaka, si mngenicheka."

Ni kweli, tungemcheka. Tumezoezwa na hadithi zetu wenyewe.

Sasa sikilizeni kitu ambacho hadithi hizo hazisemi. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu wa mdomo, au ikiubana, damu haipiti. Dalili huanza mapema: maumivu makali, ngozi kupauka, kisha madoa ya zambarau kama wavu. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Kama kilichodungwa ni asidi ya haluroniki, ipo dawa, haluronidesi, inayoweza kuiyeyusha. Kama ni silikoni ya maji, haiyeyushwi. Yaweza kuhama na kuacha vinundu miaka baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza ni: ulidungwa nini? Dada yule hakujua. Hakuonyeshwa hata chupa.

Na aliyemdunga yuko wapi kwenye hadithi? Hayupo! Sindano inajichoma yenyewe, ukurasa mzima ni dhambi ya binti. Huo ni uvivu wa mwandishi, tena uvivu wenye madhara. Aibu ile ile mnayoiita fundisho ndiyo iliyomfungia ndani siku nne, wakati nyama inakufa.

Mtaniambia kazi ya fasihi ni kuonya. Sawa, basi onyeni! Anayeonya hutaja shimo liko wapi, hasimami pembeni kumcheka aliyetumbukia. Siti binti Saad alisimangwa kwa sura yake, akajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alimpa heshima ya mtu mzima mwenye akili. Hatukukosa mfano, jamani. Tumechagua kejeli kwa sababu ni rahisi.

Sisemi watu wakadunge midomo. Nikiulizwa, nitasema achana nayo, midomo yako inatosha. Ila akishadungwa, ni mgonjwa, na mgonjwa hahubiriwi mlangoni.

Basi ombi langu kwa wanaoandika: hadithi ijayo, mpeni aliyeshika sindano jina, sauti na bei aliyotoza. Mpeni binti mtu mmoja wa kumwambia, "Twende hospitali sasa hivi." Mkiona haina mafunzo, mje Kiomboi. Yule dada amepona, lakini kovu limebaki, na akicheka bado anaziba mdomo kwa kanga.