Mji Mkongwe si picha ya kwenye boksi

Huku Ulaya upo mchezo wa kuunganisha vipande vya picha mpaka mji mzima ukamilike mezani. Ni wa zamani: katika miaka ya 1760, John Spilsbury wa London alikuwa akibandika ramani juu ya mbao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wapate kujifunza jiografia. Siku hizi maboksi yanabeba picha za miji ya bandari, na wetu umo: Forodhani, Ngome Kongwe, na Beit al Ajaib na mnara wake wa saa.

Ndugu msomaji, picha hiyo ni ya kabla ya tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu kubwa ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883 la zama za Sultan Barghash, iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafariki. Jengo lililonusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896 lilianguka wakati wa amani, tena likiwa katika matengenezo. Na onyo lilikuwepo, maana sehemu ya roshani yake ilishaanguka mwaka 2012.

Wengi tulililia jengo hilo. Lakini picha haikamiliki kwa kipande kimoja. Vipande vingine ni nyumba za vichochoroni, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji hushuka ukutani, chokaa ikalainika na boriti zikaoza. Anayeziba kwa saruji huyafungia maji humo humo.

Nyumba nyingi kati ya hizo ni za urithi, na warithi wametawanyika Maskat, Dubai na London. Hakuna anayekubali kuuza wala anayetengeneza. Kila mmoja ameshika kipande chake mfukoni, na picha inabaki na tundu.

Serikali ituwekee hadharani orodha ya majengo yaliyo hatarini na zamu ya kuyatengeneza. Na warithi wampe mmoja wao uwakala, wachangishane, waanze na paa. UNESCO iliuandika mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, lakini UNESCO haitapanda darini kuziba bati linalovuja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Mji Mkongwe hata ukuta ukijengwa upya, hautakuwa ule waliotuachia wazee.