Kipimo cha korona kinasema "hana", lakini mtoto bado anakohoa. Ufanye nini?

Baridi ya Juni hadi Agosti ikishika Usangi, kikohozi huingia karibu kila nyumba. Mama akiambiwa mtoto hana korona hujiuliza: kirusi hiki kinabadilika kila mara, je, kipimo bado kinakiona?

Shaka hii ina historia. Mei 2020 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimeonyesha korona, na wengi wakapoteza imani na vipimo. Ubishi ule ulihusu maabara. Swali la sasa linahusu kirusi chenyewe.

Kipimo cha maabara (PCR)
Hutafuta zaidi ya sehemu moja ya kirusi. Omicron ilipogunduliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, baadhi ya vipimo vilikosa alama moja kati ya tatu, lakini zilizobaki zilitosha kukitambua.

Kipimo cha haraka
Hutafuta protini ya ndani ya kirusi, ilhali mabadiliko mengi yako kwenye miiba ya nje. Kwa hiyo bado kinafanya kazi. Udhaifu wake ni siku za mwanzo, virusi vikiwa vichache puani. Jibu la "anayo" ni la kuaminika zaidi kuliko "hana". Kurudia baada ya saa 48 husaidia.

Ugonjwa kwa watoto
Omicron hushambulia zaidi koo na njia ya juu ya hewa. Baadhi ya watoto wadogo walipata kikohozi chenye sauti kama mbwa anayebweka. Wengi hupona nyumbani. Walio chini ya mwaka mmoja, au wenye selimundu au ugonjwa wa moyo, waangalie kwa makini zaidi.

Usisubiri jibu la kipimo
Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona:

- Pumzi 60 au zaidi (chini ya miezi 2), 50 au zaidi (miezi 2 hadi 11), 40 au zaidi (mwaka 1 hadi 5)
- Kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au anakoroma akiwa ametulia
- Hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri

Akiwa na homa, omba apimwe malaria pia, hasa kama mlishuka tambarare karibuni.

Nimonia huua haraka, iwe imeletwa na korona au la. Dalili hizi zikitokea usiku, usingoje kupambazuke.