Kinyozi Hajinyoi: Nani Ampime Daktari wa Upasuaji?

Mgonjwa anayefikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huuliza gharama zake na kilo atakazopunguza. Ni nadra kuuliza kuhusu ujuzi wa daktari atakayemhudumia, ilhali usalama wake unautegemea sana.

Katika aina mojawapo ya upasuaji huu, daktari hutenga sehemu ndogo ya mfuko wa chakula, hukata utumbo mwembamba, kisha huunganisha viungo hivyo mahali pawili. Kazi yote hupitia matundu madogo, macho yakiwa kwenye skrini na mikono ikiongoza vifaa virefu. Kiungio kikivuja, maisha ya mgonjwa huwa hatarini. Ndiyo maana hata daktari aliyezoea kufungua tumbo huanza upya kama mwanagenzi. Mwaka 2003, Philip Schauer na wenzake nchini Marekani walikadiria kwamba umahiri wa upasuaji huu hufikiwa baada ya wagonjwa wapatao 100.

Hata hivyo, wingi wa kazi pekee hautoshi kuwa kipimo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa jimbo la Michigan, ambamo madaktari 20 walijitolea kuwasilisha video za upasuaji wao. Wenzao walizitazama na kutoa alama bila kujua ni za nani. Miongoni mwa wagonjwa wa robo ya madaktari waliopata alama za chini, asilimia 14.5 walipata madhara baada ya upasuaji. Kwa robo ya juu ilikuwa asilimia 5.2. Waliopata alama za juu walifanya upasuaji huu mara nyingi zaidi kwa mwaka, lakini miaka ya kukaa kazini haikuwatofautisha na wenzao.

Funzo hapa ni kwamba cheti na mvi havitoshi. Kinyozi hajinyoi, daktari naye hawezi kujipima peke yake. Hospitali inayoanzisha huduma hii haina budi kumpitisha mwanagenzi kwenye vifaa vya mazoezi, kisha kumkabidhi hatua moja baada ya nyingine chini ya mkufunzi, na kurekodi kazi yake ili wenzake waikosoe.

Wapo watakaosema kwamba lazima pawepo mgonjwa wa kwanza. Ni kweli, lakini si lazima mgonjwa huyo aachwe mikononi mwa mwanagenzi peke yake. Achaguliwe asiye na hatari kubwa, aelezwe ukweli, na mkufunzi awepo mezani akiwa tayari kupokea kazi.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: Daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi? Wangapi walipata madhara? Nani huikagua kazi yake? Daktari mahiri hataudhiwa na maswali hayo, kwani anapaswa kuwa amekwisha kujiuliza yeye mwenyewe.