KUFULI NDIYE MKUTUBI WA SEKONDARI ZA KATA!

Nenda kwenye sekondari ya kata iliyo jirani nawe, uliza maktaba iko wapi. Kama shule ni ya hizi mpya, utaonyeshwa jengo zuri tu, lina bati la rangi na madirisha ya vioo. Kama ni ya zamani kidogo, utaonyeshwa chumba kilichokuwa darasa au stoo. Sasa uliza swali la pili: MKUTUBI YUKO WAPI? Hapo utaona watu wanatazamana. Mmoja atasema mwalimu fulani ndiye anayehusika lakini yuko kipindi. Mwingine atasema ufunguo uko kwa mkuu wa shule, na mkuu kaitwa halmashauri.

Huyo ndiye mkutubi wa mtoto wa mlalahoi: kufuli.

Kijana, usiseme wewe umeshamaliza shule, hayakuhusu. Yanakuhusu mfukoni. Mwaka 2020 Serikali ilikopa Benki ya Dunia dola za Marekani milioni 500 kwa mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ule wanaouita SEQUIP. Deni hilo halitalipwa na waziri. Utalipa wewe unayeuza mitumba Karume, wewe wa bodaboda pale Mwenge, na watoto wako ambao hata hawajazaliwa. Ramani za shule mpya za kata zinazojengwa kwa fedha hizo zina madarasa, jengo la utawala, maabara, chumba cha TEHAMA, na maktaba imo. Mchora ramani aliikumbuka. Aliyepanga watumishi akasahau kwamba jengo halifungui mlango lenyewe.

Alisahau kweli, au hakutaka kukumbuka? Tutaona.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana kuna wakubwa wanaodhani mkutubi ni mtu wa kufuta vumbi na kusema "shhh". Mkutubi anapokea vitabu, anavipa namba kwa mada, anavipanga hivi kwamba anayetafuta habari za mbolea asizikute kwenye rafu ya mashairi. Anatengeneza orodha, anaazimisha, anafuatilia visivyorudi, anagundisha vilivyochanika. Anajua kitabu gani kinagombewa na watoto sitini na kipi hakijaguswa, kwa hiyo anajua cha kuagiza mwakani. Kubwa zaidi, anamfundisha mtoto wa kidato cha kwanza namna ya KUTAFUTA. Kazi hii ina chuo chake hapa hapa nchini: Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Kinatoa cheti na stashahada. Vyuo vikuu navyo vinatoa digrii. Wataalamu wapo, tena wengine ni wasomaji wa gazeti hili. Wako kwenye vibanda vya miamala ya simu wanahesabu salio.

Badala yao kazi hutupiwa mwalimu. Mara nyingi ni wa Kiswahili au Kiingereza, kwa hoja kwamba eti "wewe ndiye mtu wa vitabu". Hebu mchukue huyo mwalimu umpigie hesabu. Ana kidato cha pili na cha tatu, mikondo minne kila kidato, watoto hamsini kila mkondo, na tumemhurumia, maana wenye sabini wapo. Akitoa insha moja tu, ana madaftari 400 ya kusahihisha. Ana zamu ya wiki. Ana darasa la kulea. Ana vikao. Halafu jioni unamwambia afungue maktaba, kazi ambayo hakusomea, wala hailipwi hata senti ya nauli.

Na hapo bado hatujafika kwenye ugonjwa wenyewe. Vitabu vya shule ni mali ya Serikali. Vinapokelewa kwa hati, vinaingizwa kwenye leja, mwalimu anatia saini. Akija mkaguzi haulizi wanafunzi wangapi wameazima mwezi huu. Anauliza: mlipokea vingapi, viko vingapi? Kitabu kilichopotea kinatakiwa maelezo, na maelezo hayo huenda yakaishia kwenye mshahara wa mtu. Kitabu ambacho hakijafunguliwa tangu kilipotoka kwenye boksi hakina maelezo. Kipo. Hesabu imekaa sawa. Mkaguzi anaweka alama ya vema na kuondoka.

Sasa wewe ungekuwa ndiye mwalimu huyo, ungefanyaje? Mimi ningefunga na kufuli mbili! Serikali imeweka utaratibu ambamo maktaba inayosomwa ni hasara na maktaba iliyofungwa ni uaminifu. Halafu kwenye semina wanalaumu walimu kwamba "hawajengi utamaduni wa kusoma". Utamaduni gani, na mlango umepigwa komeo?

Pengine hupewa kiranja wa maktaba, mtoto wa kidato cha tatu. Anakaa mlangoni na daftari la mistari anaandika majina ya waliochukua vitabu, wenzake wanamzidi nguvu, mwisho wa muhula vitabu kumi havionekani na anayechapwa ni yeye. Muhula unaofuata kufuli inarudi kazini.

Ila kuna siku maktaba hufunguliwa. Siku ya mgeni rasmi! Mwenge ukipita, au mkuu wa wilaya akija kukata utepe, rafu hufutwa vumbi tangu alfajiri, vitabu hutolewa kwenye maboksi, wasichana wawili na wavulana wawili wenye sare safi huketishwa mezani wakiwa wamefungua kurasa. Picha hupigwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiondoka, viti vinarudi darasani.

WATOTO WAO WANASOMA WAPI?

Pita kwenye zile shule za Dar es Salaam ambazo ada ya muhula mmoja inazidi mapato ya mama ntilie ya mwaka mzima. Maktaba zina watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, wanaomjua mtoto kwa jina na kumwambia, "kile ulichoulizia kimekuja". Nani wanasoma humo? Wewe unajua. Shangingi zinazowashusha asubuhi zinajulikana namba zake. Kwa hiyo vigogo wetu wanajua vizuri mno maktaba ni nini na mkutubi ni nani. Wanamlipia kwa watoto wao. Kwa mtoto wa Tandale wanaona kufuli inatosha.

Ndiyo maana sikubali hadithi ya kwamba wamesahau.

Watasema ni suala la taratibu. Na kweli, taratibu zao zimesukwa kama ungo. Chuo cha Bagamoyo kiko chini ya Bodi ya Maktaba, na Bodi iko chini ya Wizara ya Elimu. Shule ya kata iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Kibali cha kuajiri kiko Utumishi. Yaani mkutubi anafundishwa na mlango mmoja, anahitajiwa na mlango wa pili, anaruhusiwa na mlango wa tatu, na kila mlango ukiugonga unaambiwa nenda jirani. Kati ya mwaka 2015 na 2020 wapinzani tuliongoza halmashauri kadhaa za mijini, Arusha na Mbeya zikiwamo. Wapo wanaotuuliza mbona hatukuajiri wakutubi. Jibu ni kwamba halmashauri haina uwezo wa kuajiri hata karani bila kibali kutoka juu, na mwaka 2016 ajira zote mpya zilisimamishwa eti tunahakiki watumishi hewa.

Uhakiki huo nao ulitupa kichekesho cha karne. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Elfu tisa mia tisa thelathini na mbili! Wote hao walipata nafasi, walipata kibali, walipata mshahara. Kijana mwenye cheti halali cha Bagamoyo akaambiwa hakuna nafasi.

Hoja nyingine watakayoleta ni kwamba walimu wenyewe hawatoshi, hasa wa sayansi na hisabati, kwa hiyo mkutubi ni anasa. Hii imekaa vizuri masikioni, lakini igeuze uitazame chini. Kama walimu hawatoshi, kwa nini unamtoa mmoja darasani akalinde ufunguo? Na mtoto asiye na mwalimu wa fizikia ana nini kingine cha kushika isipokuwa kitabu? Shule isiyo na walimu wa kutosha ndiyo inayohitaji maktaba kuliko zote. Mtaala wenyewe, tangu ule wa mwaka 2005, unahubiri umahiri, mwanafunzi atafute, achambue, asimezeshwe. Atafute wapi? Anaishia kununua nondo za kurasa nne zilizotolewa fotokopi, anakariri, anaingia mtihani.

Na fedha? Fanyeni hesabu ya kijiweni. Bei ya shangingi moja jipya la bwana mkubwa inaweza kumlipa mkutubi msaidizi mmoja mshahara kwa zaidi ya miaka 20. Shule za sekondari za Serikali ni zaidi ya 4,000, najua, si mzigo mdogo. Lakini mwaka 2021 nchi hii ilichukua mkopo wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 na ndani ya miezi michache ikajenga madarasa 15,000. Kumbe wakitaka wanaweza. Tena hakuna anayedai wote 4,000 kesho asubuhi. Waanze na shule ambazo tayari zina jengo, na hata mkutubi mmoja ahudumie shule mbili za kata jirani kwa siku za kupokezana. Siku mbili za mlango wazi kwa wiki ni nyingi kuliko sifuri.

Wajanja wa siku hizi wana jibu jipya: vitabu viko mtandaoni, Taasisi ya Elimu imeweka maktaba mtandao. Vizuri sana. Ila mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, akikutwa nayo inataifishwa na yeye anaitiwa mzazi. Jioni akirudi nyumbani simu ni ya baba, bando ni la shilingi mia tano, na baba anasubiri matokeo ya Simba na Yanga. Chumba cha TEHAMA? Ulizeni nani ana ufunguo wake.

Hatukuwa hivi katika nia. Bodi ya kwanza ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu tangu Uhuru, ina madaktari wa kuhesabu kwa vidole. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Sheria Na. 6 ya 1975 ikaipa Bodi kazi ya kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba Tanzania Bara. Sisi wa mageuzi tuna mengi ya kumlaumu Mzee, lakini hapa tumpe haki yake: aliona kitabu ni sehemu ya Uhuru. Waliorithi kiti wakabaki na utepe wa kukata. Leo ukipita Maktaba Kuu utakuta vijana wa sekondari wamejaa mezani na madaftari yao, wametoka Gongo la Mboto na Kimara kwa daladala mbili. Wanafuata meza, taa na utulivu, vitu ambavyo vimefungiwa kwenye shule zao.

Februari 2013 yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Zaidi ya nusu ya wote! Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, Mei mwaka huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Alama zilisogezwa. Sisemi sifuri zile zote zilitokana na maktaba, nitakuwa mwongo. Nasema kwamba ilikuwa rahisi zaidi kwao kusogeza alama kuliko kuajiri watu. Wengi wa vijana wale leo wako mtaani, wana miaka thelathini na kitu, huenda wewe ni mmoja wao, na mdogo wako yuko shule ileile na kufuli ileile.

Bajeti ya TAMISEMI husomwa Dodoma kati ya Aprili na Mei. Hapo ndipo ikama ya shule inapoweza kuguswa, mkutubi aandikwe kama anavyoandikwa mwalimu. Tunataka pia Waraka ubadilishwe ili mkaguzi ahesabu vitabu vilivyoazimwa pamoja na vilivyopo, na mwalimu asikatwe kwa kitabu kilichochakaa mikononi mwa wasomaji. Mbunge wako wa chama kilichoshika hatamu akija kwenye msiba au fainali ya kombe la ng'ombe, usimuombe jezi. Muulize ana sekondari ngapi jimboni, ngapi zina maktaba, na mkutubi ni nani kwa jina.

Na kabla hajaja, nenda mwenyewe. Pita shuleni kwa mdogo wako siku ya kazi, saa nane mchana, tazama mlango. Tuandikie jina la shule, jina la kata na saa ambazo maktaba hufunguliwa kwa wiki. Tutachapa orodha, kata kwa kata, tukianza na Dar es Salaam.