Zafarani ya Akika



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ndugu zangu Waislamu, na hasa nyinyi akina mama, wiki hii napenda tuzungumze juu ya zafarani. Msistaajabu kuwa sheikh ameingia jikoni. Kilichonipeleka huko mtakiona punde.

Mwezi uliopita tulimfanyia akika mjukuu wangu. Mbuzi walichinjwa, nywele zikanyolewa, na bibi yake akaitisha sahani na maji ya waridi ili aroweke zafarani ya kumpaka mtoto kichwani. Jambo hili lina asili. Katika riwaya ya Burayda (r.a.) iliyomo kwa Abu Daud, twasimuliwa kuwa zama za ujahili mtu akizaliwa mtoto wa kiume alichinja mnyama na kumpaka mtoto damu yake kichwani. Ulipokuja Uislamu, watu wakawa wachinja, wanyoa kichwa cha mtoto, kisha wakipaka zafarani. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelihesabu kuwa ni jambo lipendezalo. Najisi iliondolewa, yakawekwa manukato mahali pake.

Pakiti ile nilikuwa nimeinunua mimi. Nyuzi zilipoingia majini, kabla hata bibi hajaweka sahani chini, maji yaligeuka mekundu. Shangazi yangu, mzee aliyekwishapindukia miaka themanini, akamshika mkono.

"Usimpake mtoto hiyo, mwanangu," alisema. "Zafarani haitoi damu."

Tukanyamaza sote. Nyuzi zilizobaki sahanini zilikuwa zimepauka kama uzi wa kushonea. Ilikuwa ni rangi tupu, nasi tulikuwa karibu kuipaka kwenye utosi wa mtoto wa siku saba. Wala hatukujua ni rangi ya kutia chakula au ya kutia nguo.

Basi na tuijue zafarani yenyewe. Ni ua dogo la zambarau, na ndani yake mna nyuzi nyekundu tatu tu. Hizo tatu ndizo zafarani. Mmea wake hautoi mbegu zioteshwazo. Ni lazima mwanadamu achimbue matunguu yake, ayatenganishe na kuyapanda upya. Huchanua majuma machache katika mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, na maua huchumwa alfajiri kabla ya jua kuyaunguza. Kisha watu hukaa wakichomoa nyuzi kwa vidole, moja moja. Gramu moja ya zafarani kavu hutaka maua kama 150. Kilo moja, maua kama 150,000.

Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran, na hasa upande wa Khorasan. Nyingine hutoka Herat nchini Afghanistan, Pampore katika Kashmir, na La Mancha nchini Uhispania. Huko Uhispania waliokieneza kilimo chake ni Waislamu wa Andalusia, na mpaka leo Wahispania huiita azafrán, neno walilolirithi katika Kiarabu.

Akina mama, ya kweli huijua hivi. Uzi wake ni mwekundu, na ncha yake moja hupanuka kama tarumbeta. Ukiutia katika maji ya vuguvugu, rangi hutoka polepole na maji huwa ya manjano ya dhahabu, na uzi wenyewe hubaki mwekundu kwa muda mrefu. Harufu yake yakaribia asali, lakini ukiuonja ni mchungu. Ukiwa mtamu, utilie shaka. Iliyosagwa ni rahisi zaidi kuchanganywa na bizari au maua ya kartamu, kwa hivyo nunueni nyuzi nzima.

Ya kweli haihitaji wingi. Nyuzi chache zilizopondwa na kurowekwa katika maziwa ya moto kwa muda wa dakika 20 zatosha kunyunyiziwa wali wa biriani kabla ya kufunika sufuria na kupalia makaa. Hali kadhalika kwa halua na kahawa. Aliye mjamzito asiitumie kama dawa kwa kipimo kikubwa bila kumuuliza daktari, maana ikizidi sana huwa sumu.

Nilirudi dukani. Mwenye duka alinirudishia fedha zangu bila ubishi, akaniambia kuwa naye aliuziwa hivyo hivyo. Nikamuuliza, pakiti zilizosalia atazifanyaje? Aliitazama rafu, asinijibu.

Sheria yetu iko wazi hapa. Aliyeuziwa kitu chenye aibu bila kuambiwa ana haki ya kukirudisha. Na muuzaji asiyejua hana dhambi kwa yaliyopita; lakini akishajua, kila pakiti aiuzayo baada ya hapo ni ghushi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tuzingatie, mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa ni kuificha.

Nami sijitoi lawamani. Bei ya pakiti ile haikufika hata ya kilo moja ya mchele. Nilitaka kazi ya vidole vya watu kwa bei ya bizari, nikafurahi kuwa nimepata rahisi. Mnunuzi asiyetaka kuuliza humsaidia mwenye kughushi. Na sijui ni wake na wakwe wangapi wamelaumiwa kuwa biriani yao haina ladha, na kumbe mwenye lawama ni baba aliyetumwa dukani.

Mjukuu wetu hakupakwa kitu siku ile, na akika yake ilitimia, kwani zafarani si sharti. Asiye na uwezo asijikalifishe. Atie bizari na aiite bizari. Wageni watakula na watamuombea dua.

Juma lililofuata shangazi alileta nyuzi sita ndani ya kikaratasi, akaba yake ya miaka. Zilitoa manjano.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na atulinde tusidanganye wala tusidanganywe. Amin.