Namba Sita na Magunia ya Dagaa

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilirudi Micheweni nikakuta nyumbani kuna msiba usio na maiti. Mama mdogo kazi yake ni kuchemsha na kuanika dagaa, anawauzia wateja wa Dar es Salaam ambao wengine huwafikisha hadi Kongo. Mteja wake wa miaka mingi alikuwa ameshalipia magunia sita, na pesa zimeingia kwa mtu asiyejulikana. Dagaa wamo ghalani, mteja anadai mzigo wake, na kila mmoja anaona mwenziwe ndiye mwenye kosa.

Kisa chenyewe kifupi. Asubuhi moja Mama mdogo alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya jirani yetu: "Nimekosea, namba zangu zimekuja kwako, hebu nisomee." Kweli, kwenye simu yake ilikuwa imeingia meseji yenye namba sita. Akazisoma. Kumbe zile namba ni ufunguo wa akaunti yake mwenyewe, na jirani naye alikuwa keshaporwa akaunti kwa mtindo huo huo jana yake. Mchana mteja akaandika kuulizia mzigo, akajibiwa kwa adabu zote kwamba uko tayari, ila leo atume kwa laini ya mdogo mtu maana hii ina matatizo. Akatuma.

Niliporudi chuo nikamsimulia rafiki yangu, akashangaa: "Si wanasema WhatsApp imefungwa, hakuna anayeweza kusoma?" Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Ni kweli imefungwa, ni kweli Mama mdogo kaibiwa, na kufuli halikuvunjwa.

Tulitazame kufuli lenyewe. Wengi wetu utotoni tumesema kinyume: ukitaka wakubwa wasielewe, unaleta silabi ya mwisho mbele, nyumba inakuwa "mbanyu", mwani unakuwa "nimwa". Huko ndiko kufumba ujumbe, na kitaalamu kunaitwa usimbaji. Ubovu wa kinyume ni kuwa kanuni ni moja kwa watu wote. Mkubwa akishaijua, siri zenu zote zimekwisha. Kufuli la WhatsApp, lililokamilishwa kwa watumiaji wote mwaka 2016, halina ubovu huo. Funguo zinakaa ndani ya simu za wanaozungumza, na zinabadilika ujumbe hadi ujumbe. Kampuni inabeba bahasha ambayo yenyewe haiwezi kuifungua. Meseji ya kawaida haina ulinzi wa namna hiyo, kwani mtandao wa simu unaoisafirisha unaweza kuisoma.

Kwa hiyo njiani ujumbe uko salama. Lakini mwizi wa Mama mdogo hakukaa njiani. Alibisha hodi mlangoni, akafunguliwa. Ndiyo maana wanaojua mambo haya wanahimiza ulinzi wa matabaka: kila tabaka linalinda kitu chake, na moja likiachia jengine linashika. Mama mdogo alikuwa na tabaka moja tu, lile alilopewa bure bila kujua.

Tabaka la pili ni la mlango. Tangu mwaka 2017 WhatsApp ina uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri unayoichagua mwenyewe. Anayetaka kuifungua akaunti yako kwenye simu nyengine ataulizwa namba hiyo juu ya zile sita. Ingekuwepo, yule mwizi angekwama hapo hapo. Kuiweka ni kazi ya dakika mbili tatu.

Tabaka la tatu ni la ndani ya nyumba. Nakala ya mazungumzo inayohifadhiwa mtandaoni hailindwi na kufuli lile la njiani mpaka uwashe ulinzi wake mwenyewe, na chaguo hilo limekuja mwaka 2021. Halafu kuna vifaa vilivyounganishwa, na hapa sisi wanachuo ndio mabingwa wa uzembe. Tunafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya stesheneri ili tuprinti asaimenti, tunalipa, tunaondoka, ukurasa tumeuacha wazi. Anayekuja nyuma yako hahitaji kuvunja chochote. Anasoma tu, pamoja na michango ya darasa uliyokusanya na namba za wote waliokutumia. Ingia kwenye mipangilio leo, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovijua.

Tabaka la nne halihitaji teknolojia mpya: bei kwa maandishi, namba ya malipo kwa sauti. Mwizi alichukua akaunti, lakini laini yenyewe ilibaki kwenye simu ya Mama mdogo. Mteja angepiga simu ya kawaida kwa namba ile ile ya siku zote, angempata mwenyewe, na uwongo ungeishia hapo. Tena kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mpokeaji linatokea kwenye simu. Jina likiwa geni, simama, piga. Na wafanyabiashara wanaoaminiana wanaweza kuwekeana neno lao la siri, kinyume chao cha wawili, la kuulizana kila namba ya malipo inapobadilika.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya mabenki na makampuni makubwa, sisi wadogo nani atatusumbukia? Mie naona kinyume chake. Kampuni kubwa ikiibiwa ina mwanasheria, ina bima, ina akiba. Mama anayelima mwani au kuanika dagaa mtaji wake wote ndio ule uliomo kwenye mzigo wa wiki hii. Wengine wanasema laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, sasa hofu ya nini? Usajili unasema laini ni ya nani. Hausemi nani anaandika kwenye akaunti saa hii. Hata hivyo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, nalo ni tabaka.

Lililoniuma zaidi nililiona nilipoishika simu ya Mama mdogo. Ile meseji ya namba sita ilikuwa na onyo kwamba usimpe mtu yeyote. Onyo lilikuwa kwa Kiingereza. Aliyemuuzia simu aliiacha na lugha hiyo na hakuna mtu nyumbani, mie nikiwemo, aliyewahi kuibadilisha. Mama mdogo anasoma Kiswahili vizuri, na Kurani anaisoma. Tukamwita mzembe kwa kutotii onyo ambalo hatukumfikishia.

Hapo ndipo ninapoona deni letu, hasa sisi tunaosomea ualimu. Tunafundishwa kuandaa somo, kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana. Basi somo hili hapa, na linalojulikana lipo: kinyume, kufuli, mlango, hodi. Naiomba serikali ya wanafunzi iliingize kwenye wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, saa moja tu, simu mkononi, kwa Kiswahili. Na kila anayerudi nyumbani likizo akague simu tano za jamaa zake: lugha, namba ya siri ya hatua mbili, vifaa vilivyounganishwa, nakala, na makubaliano ya kupigiana kabla ya kulipana. Haigharimu bumu lako.

Kesi ya magunia wazee waliikalia kitako, hasara ikagawanywa nusu kwa nusu. Mteja mpaka naandika hajaagiza tena. Akaunti tuliirudisha, nikaigeuza simu kwa Kiswahili, nikamwonyesha Mama mdogo pa kuweka namba ya siri. Alipofika hapo alinitazama, akasema, "Geuka kule." Nikageuka. Akaiandika mwenyewe, na mpaka leo siijui.